Jina Letu Lina Thamani Gani, na kwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mbalibali)



Nimeambiwa nisizidishe nusu saa, na nimeonywa kwamba baada yangu kuna chakula. Nitajitahidi.

Wengi wenu mnalijua shauri lililo mbele yetu. Mwaka 2009 chama chetu kilisajili jina la mtandao lenye neno Mbalibali ndani yake, nalo linaishia na .org. Tangu wakati huo jina hilo limebeba tovuti yetu, taarifa za mikutano, orodha za michango na anwani za barua pepe za viongozi wetu. Miezi miwili iliyopita Katibu alipokea barua ya dalali mmoja wa majina aliye ng'ambo. Anataka kulinunua jina hilo kwa dola 2,500 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 6. Mchana huu mtapiga kura: tuuze au tusiuze.

Wapo wenzetu wanaosema tuuze, tununue mabati ya bweni. Wapo wanaosema tusiuze kabisa, kwa kuwa jina ni jina. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa. Kwa kuwa kazi yangu serikalini imenikutanisha na mambo haya ya mitandao, Kamati imeniomba nieleze jambo moja tu: ni kitu gani kinachofanya jina liwe na thamani machoni pa mnunuzi? Tukilijua hilo tutaweza kujibu swali ambalo mimi binafsi nimejiuliza tangu nilipoiona barua ile: mtu ambaye hajapata kufika Mugumu, sembuse Mbalibali, anataka neno hili la nini?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kompyuta zilizounganishwa duniani hutambuana kwa namba. Binadamu hawezi kukariri namba hizo, kwa hiyo kila kompyuta ikapewa jina. Zamani majina yote yalikuwa katika orodha moja tu iliyotunzwa California, na kila aliyetaka alinakili orodha hiyo. Orodha ikawa ndefu mno. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja Mmarekani, Paul Mockapetris, akabuni utaratibu wa kuyagawa majina katika matawi, kila tawi na mtunzaji wake. Ndipo yakapatikana matawi ya .com, .org na mengineyo, na kila nchi ikapewa herufi mbili zake. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Tawi letu la .tz liliandikishwa mwaka 1995, likitunzwa mwanzoni na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kwa ajili ya kazi hiyo. Chini ya .tz yapo matawi madogo: co.tz la biashara, or.tz la mashirika, go.tz la serikali, ac.tz la vyuo, hotel.tz la hoteli, na sc.tz la shule.

Kwa Kiswahili cha kitaalamu kitu hiki huitwa jina la kikoa. Katika Kiswahili cha zamani, kikoa ni chakula ambacho watu huchangia na kula pamoja. Naomba mliweke neno hilo akilini, maana nitalihitaji baadaye.

Jina la kikoa linafanana sana na sanduku la posta. Wengi wetu tulipokea barua zetu za kwanza maishani kupitia sanduku la shule. Sanduku si mali ya mtu. Hulipiwa kila mwaka, na usipolipa unanyang'anywa, akapewa mwingine. Jina la kikoa ni hivyo hivyo. Tunalipanga kwa ada ndogo ya kila mwaka, na haki tuliyo nayo ni ile ya kuendelea kulipanga mradi tunalipa. Anayelinunua ananunua nafasi yetu katika foleni.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Hadi Septemba 1995 jina la .com lilipatikana bure. Baada ya hapo likatozwa dola 100 kwa miaka 2, na siku hizi ada ni ndogo zaidi. Mbona basi jina lililosajiliwa kwa fedha ya vocha huuzwa baadaye kwa mamilioni? Jibu lake mnalijua ninyi nyote mliokulia hapa. Nendeni mnadani mkamtazame dume mmoja. Mwenye bucha anahesabu kilo za nyama. Mkulima anatazama mabega na upole wake, kwa sababu anataka kumfunga jembe. Mchuuzi anayeelekea Sirari anafikiria bei ya upande wa pili wa mpaka. Ng'ombe ni yule yule, bei ni tatu. Thamani haimo katika ngozi ya ng'ombe. Imo katika kazi ambayo mnunuzi anataka kumpa. Na jina la kikoa ni vivyo hivyo.

Sasa nitaje mambo ambayo mnunuzi huyatazama. Nimeyahesabu kuwa sita.

La kwanza ni maana. Je, jina linasema kile anachouza? Mwaka 1997 jina business.com, yaani biashara, lilinunuliwa kwa dola 150,000, na watu wakacheka. Mwaka 1999 likauzwa tena kwa dola milioni 7 na nusu. Mnunuzi alikuwa anataka kuanzisha tovuti ya habari za biashara, na kwake yeye hakukuwa na jina jingine lililosema hivyo kwa neno moja. Nguvu hii ya maana ilikuwapo hata kabla ya mitandao. Jiwe letu la Mererani lina jina la kitaalamu, zoisite. Mwaka 1968 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York iliona kwamba jina hilo halitavutia wateja, ikaliita Tanzanite kwa heshima ya nchi yetu. Jiwe halikubadilika hata chembe, lakini jina jipya liliwasaidia sana wauzaji.

Hapa kwetu neno lenye nguvu ya namna hiyo ni Serengeti. Husemekana linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na leo neno hilo limebandikwa kwenye bia na hata kwenye timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17. Jina la kikoa lenye Serengeti na safari ndani yake lina wanunuzi Arusha, Nairobi na London. Jina lenye Mbalibali, na nalisema kwa mapenzi yote, halina foleni hiyo.

La pili ni wepesi wa kutamka na kuandika. Mnunuzi mwerevu hufanya mtihani wa simu: mtajie mtu jina hilo mara moja kwenye simu isiyosikika vizuri, kisha umwombe aliandike. Akikosea, jina lina kasoro. Vistari, tarakimu na herufi zinazorudiwa hushusha bei. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Lakini sisi watu wa Mara tunajijua. Kati yetu wapo ambao kalamu na karamu kwao ni kitu kimoja, na ninaapa kwamba nusu ya waliomo humu ndani husema Mbaribari. Anayetaka jina la huku ni bora asajili namna zote mbili.

La tatu ni mwisho wa jina. Mwisho huo humwambia msomaji yuko wapi na yuko kwa nani. Kisiwa kidogo cha Anguilla katika bahari ya Karibi, chenye watu wasiofika 20,000, kilipewa herufi .ai katika miaka ya 1990 kwa sababu tu ya jina lake. Baadaye herufi hizo zikawa ndizo ufupisho wa Kiingereza wa akili bandia. Kampuni zikamiminika, na mwaka 2023 peke yake serikali ya kisiwa ilipata takriban dola milioni 32 kwa majina hayo. Visiwa vya Tuvalu vilipata .tv, na kampuni za televisheni zikayataka majina yake. Fedha hizo zilisaidia kulipia gharama za nchi hiyo kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Wao hawakufanya lolote la ajabu. Wanunuzi ndio waliobadilika.

Kuna mwisho mwingine ambao thamani yake inatokana na kwamba hauuzwi. Vijana, mnapotafuta matokeo yenu ya mtihani mnafungua necta.go.tz. Kwa nini mnaliamini jina hilo? Kwa sababu go.tz hapewi mtu yeyote isipokuwa taasisi ya serikali. Tapeli anaweza kusajili jina linalofanana, lenye neno necta, likafuatwa na vistari na kuishia na .com, lakini go.tz halipati. Kwa hiyo someni jina kuanzia mwisho wake, na mfanye hivyo hasa mnapoombwa fedha kwa ajili ya ajira au mkopo wa masomo.

La nne ni historia ya jina. Limetumika miaka mingapi? Limefanya kazi gani? Nani wanalitaja? Hili nitalirudia, kwa kuwa ndilo kiini cha shauri letu.

La tano ni usafi wa haki. Mnunuzi mwenye akili hataki kununua kesi. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aligundua kwamba kampuni ya McDonald's haijasajili jina lake, akalisajili yeye kwa ajili ya kuandika makala. Mwishowe aliliachia, na kampuni ikatoa dola 3,500 kwa shule moja ya Brooklyn ili iunganishwe na mtandao. Siku hizi mambo hayaendi kwa ucheshi namna hiyo. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa ambao mwenye alama ya biashara anaweza kumnyang'anya jina mtu aliyelisajili kwa nia mbaya, na mashauri mengi hupelekwa katika Shirika la Haki Miliki Duniani, Geneva. Anayesajili jina la kampuni ya mwingine akitumaini kumuuzia mwenyewe hafanyi biashara. Anatega mtego ambao atanasa yeye.

La sita ni kuwapo au kutokuwapo kwa kitu mbadala, na hapa hesabu inahitajika. Tuseme mwenzetu ana nyumba ya wageni Mugumu, chumba kimoja ni shilingi 60,000 kwa usiku. Tuseme jina zuri linamletea kila mwezi wageni wawili ambao wasingekuja, kila mmoja akilala siku mbili. Hizo ni siku 4, shilingi 240,000. Akitoa gharama zake, tuseme inabaki nusu, yaani 120,000 kwa mwezi, au 1,440,000 kwa mwaka. Mtu huyu ana sababu ya kulipa milioni moja, hata mbili, kwa jina hilo. Lakini akigundua kwamba kuna jina jingine lisilo na mwenyewe, linalopatikana kwa ada ya kawaida, na litamletea wageni wale wale, hatatoa hata shilingi laki moja. Bei ya jina haiwezi kupita hasara ambayo mnunuzi angepata kwa kulikosa.

Wapo wanaolipa kupita hesabu hiyo. Mwaka 2019 jina voice.com, yaani sauti, liliuzwa kwa dola milioni 30 taslimu kwa kampuni iliyotaka kuanzisha mtandao wa kijamii wenye jina hilo. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka 2023. Jina zuri liliwafikisha watu mlangoni, lakini haliwezi kuwalazimisha kukaa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa, ndugu zangu, turudi kwa dalali wetu, tumpime kwa mambo haya sita.

Je, anataka maana? Neno Mbalibali halina maana yoyote kwa mtu wa ng'ambo. Je, anataka wepesi? Tumekwisha kuona kwamba hata sisi wenyewe hatuandiki sawa. Je, mwisho wa jina? .org ni mwisho mzuri, lakini yapo mamilioni ya majina ya .org ambayo hayajasajiliwa. Je, hana mbadala? Anao mwingi. Je, haki? Hakuna kampuni yenye alama ya biashara inayofanana na jina hili.

Linabaki moja, nalo ni historia. Dola 2,500 hizi si bei ya neno. Ni bei ya miaka yetu tangu 2009.

Nieleze inavyokuwa. Mitambo ya kutafutia habari, kama Google, ikitaka kujua tovuti ipi iaminiwe, pamoja na mambo mengine hutazama nani anaitaja. Jina letu limetajwa na kuunganishwa na tovuti za vyuo ambako wanachama wetu wanafundisha, na wafadhili waliotusaidia kujenga maabara, na magazeti yaliyoandika habari zetu. Hakuna hata mmoja wao aliyelipwa. Walituamini, wakaelekeza watu kwetu. Jina jipya lililosajiliwa jana halina kitu hicho, na hakiwezi kupatikana kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana wapo watu duniani ambao kazi yao ni kutafuta majina ya zamani ya shule, makanisa na vyama, kuyanunua au kuyangojea yaishe muda, kisha kuweka humo matangazo ya kamari na dawa za uongo. Msomaji anafuata kiungo kutoka kwenye ukurasa wa chuo, akidhani anakwenda kwa wanafunzi wa zamani wa Mbalibali, na anajikuta kwenye meza ya kamari.

Sisemi kwamba dalali huyu ni mmoja wao. Ila Katibu alimwandikia mara mbili akimuuliza jina litatumika kwa kazi gani, na mara zote mbili jibu lilikuwa juu ya bei tu.

Lipo jambo zito zaidi. Mwenye jina la kikoa ndiye mwenye barua pepe zote zinazotumwa kwa jina hilo. Siku tutakayouza, mnunuzi anaweza kufungua anwani ya mwenyekiti, ya katibu na ya mhazini, zile zile zilizomo kwenye vitabu vya wafadhili wetu. Barua ya mwajiri anayeulizia kama fulani kweli alisoma hapa itamfikia yeye. Mtu yeyote aliyewahi kufungua akaunti kwa anwani ya chama, akabonyeza kwamba amesahau nywila, ujumbe wa kubadilisha nywila utamfikia yeye. Ni kama kumpa mtu ufunguo wa sanduku la posta huku dunia nzima ikiendelea kukuandikia kwa namba ile ile.

Mtaniuliza: je, kama mnunuzi ni mtu mwema? Nami nitajibu kwamba mtu mwema ana njia rahisi. Asajili jina jipya kwa dola chache, kazi yake itakwenda vizuri. Akikataa jina jipya na kung'ang'ania letu, basi anachotaka ni kile tu ambacho jina jipya halina, yaani imani ya watu kwetu. Na imani hiyo hatuna mamlaka ya kuiuza, maana waliyeiweka kwetu ni wengine, na hawakutuambia tuipitishe kwa mtu mwingine. Hapo ndipo neno kikoa linaponifaa. Chakula kilichochangwa na wote hakiuzwi na walioshika sufuria.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mkutano ni kwamba tusiuze. Lakini kutouza peke yake hakutoshi, kwa sababu jina linaweza kupotea bila kuuzwa. Napendekeza mambo manne.

Mosi, jina liandikwe kwa msajili kwa jina la chama, na anwani ya mawasiliano iwe ya chama, isiwe simu wala barua pepe ya mtu mmoja. Viongozi hubadilika, huhama, na hufariki. Nafahamu vikundi ambavyo nywila ilikwenda kaburini pamoja na mtu aliyekuwa akiijua.

Pili, tulipie miaka kadhaa kwa mara moja. Majina ya .org yanaruhusiwa kulipiwa hadi miaka 10. Kwa kawaida muda ukiisha kuna siku chache za neema, kisha siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kungojea kufutwa. Baada ya hapo ni la yeyote atakayewahi, na wanaongojea hutumia mashine zisizolala.

Tatu, jina liingizwe katika daftari la mali za chama pamoja na jenereta na viti, likiwa na tarehe ya kulipia na majina ya walinzi wawili. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, tuisaidie shule yenyewe kupata jina lake chini ya sc.tz, tofauti na letu. Shule si chama cha wanafunzi wa zamani, na mzazi anayetafuta fomu ya kujiunga asilazimike kupitia kwetu.

Sasa nina neno kwa vijana. Najua baadhi yenu mmesikia habari za mamilioni ya dola, na mmekwisha kuanza kufikiria majina ya kusajili. Mnapaswa kujua kwamba duniani yamesajiliwa majina zaidi ya milioni 350, na yanayouzwa kwa bei za kuandikwa magazetini ni machache mno. Mengine yote yanalipiwa ada kila mwaka, na wenyewe wanangojea mnunuzi asiyekuja. Anayesajili majina 50 kwa kubahatisha atadaiwa ada 50 mwaka ujao. Ukiwa na fedha ya jina moja, sajili jina la kazi yako mwenyewe: ushonaji, ufugaji wa nyuki, kuongoza watalii, kutengeneza pikipiki. Chagua jina linalopita mtihani wa simu. Kisha lifanyie kazi miaka 10. Mteja aliyeridhika atamtajia mwenzake, na kila atakayelitaja ataongeza kitu juu yake. Hakuna dalali anayeweza kukuuzia miaka hiyo 10, na ndiyo sababu wao huja kuinunua kwa watu kama sisi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na bweni, kwa kuwa wanaotaka tuuze hawana ubaya wowote, wanataka watoto walale mahali pakavu. Hoja yao ni ya kweli na mabati ni ya lazima. Nilipokuwa nimekaa pale nyuma nimehesabu wanafunzi wa zamani waliomo ukumbini, nikapata 124. Tukiwasamehe 4 ambao wamemaliza shule juzi tu na bado wanatafuta kazi, tunabaki 120. Kila mmoja akitoa shilingi 50,000 tutapata milioni 6. Fedha aliyotuahidi mgeni imo mifukoni mwetu humu ndani, na tukiitoa sisi, bweni litaezekwa na jina litabaki.

Mimi bahasha yangu nimekwisha kumkabidhi Mhazini kabla ya kusimama hapa, na stakabadhi ninayo. Yuko mezani karibu na mlango, na atakuwapo hapo hadi chakula kitakapokwisha.